Aliye Juu na Wanaomngoja Chini

Methali isemayo "aliye juu mngoje chini" hutumiwa mara nyingi kama faraja ya mnyonge. Huambiwa aliyedharauliwa ili avute subira, kwa kuwa dunia ni mzunguko na mwenye kujivuna leo huenda akawa mwenye haja kesho. Hata hivyo, methali hiyo ina watu wawili ndani yake, na wa pili hatazamwi sana. Yupo aliye juu, na yupo anayengoja. Huyu anayengoja anafanya nini muda wote huo? Je, anamtandikia mkeka yule atakayeshuka, au anamwandalia kicheko? Methali yenyewe haisemi. Imeliacha jambo hilo kwa dhamiri ya msikilizaji, na hapo ndipo swali la kimaadili la makala haya linapoanzia: mtu aliyepandishwa na umma, kisha akashushwa na umma uleule, anadaiwa nini na anadai nini?

Kisa kinachofaa kulipima swali hilo kinatoka mbali na pwani ya Waswahili, katika jiji la Los Angeles, miaka ya 1980. Wakati huo barabara ya Sunset ilikuwa na kumbi ndogo za muziki zilizojaa vijana wa nywele ndefu zilizotimuliwa kwa dawa, nyuso zilizopakwa wanja na rangi, na suruali za ngozi zilizobana. Muziki wao ulikuwa roki ngumu yenye melodia: magitaa makali yaliyobebeshwa viitikio vitamu, na katika kila albamu wimbo mmoja au miwili ya mapenzi ya mwendo wa taratibu. Wakosoaji waliuita muziki wa glamu, na kwa Kiswahili ungeweza kuitwa roki ya madaha, maana madaha yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kituo cha televisheni cha MTV, kilichoanza kurusha matangazo Agosti 1981, kiliufanya uso wa mwimbaji uwe na thamani sawa na koo lake. Na biashara ilikuwa ngumu kuliko madaha yalivyoonyesha. Katika kumbi nyingi bendi changa haikulipwa ili ipige. Ilinunua tiketi kutoka kwa mwenye ukumbi, kisha ikazunguka barabarani kuziuza na kugawa vikaratasi vya matangazo. Aliyeshindwa kuziuza alikula hasara mwenyewe.

Humo ndimo ilimozaliwa bendi ya Warrant, iliyoanzishwa mwaka 1984 na mpiga gitaa Erik Turner. Sura iliyokuja kujulikana ulimwenguni ilipatikana baadaye, alipojiunga mwimbaji Jani Lane, mzaliwa wa Akron, Ohio, mwaka 1964, akiandamana na mpiga ngoma Steven Sweet. Lane hakuwa mwimbaji tu. Ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo za bendi. Kampuni ya Columbia ilitia nao saini, na albamu yao ya kwanza ilipotoka mwanzoni mwa 1989, ilifika nafasi ya kumi katika chati ya Billboard. Wimbo wao wa mapenzi, "Heaven", ulipanda hadi nafasi ya pili katika chati ya nyimbo za Marekani. Katika muda wa miezi michache vijana waliokuwa wakigawa vikaratasi walikuwa wakijaza viwanja.

Albamu ya pili ilikuwa karibu kukamilika, na jina lake lilikuwa limekwisha kuchaguliwa: "Uncle Tom's Cabin", kutokana na wimbo mmoja uliomo, simulizi ya mauaji na watu walioyashuhudia usiku. Jina lenyewe liliazimwa kutoka kwa riwaya mashuhuri ya Harriet Beecher Stowe ya 1852. Ndipo ikaja simu kutoka kwa mkuu wa kampuni. Kwa maelezo ya Lane mwenyewe, yaliyorudiwa mara nyingi, mkuu huyo alitaka wimbo mmoja zaidi, wimbo wa kuchangamsha umati, mwepesi na wenye utani wa mahaba. Lane aliutunga kwa kasi ya ajabu. Maneno yake, inasimuliwa, aliyaandika juu ya boksi la piza. Wimbo huo, "Cherry Pie", ukafanywa wa kwanza katika albamu, ukaipa albamu jina lake, ukatengenezewa video iliyochezwa bila kupumzika. Albamu ilitoka Septemba 1990, ikafika nafasi ya saba, na wimbo ukafika nafasi ya kumi. Kuanzia hapo jina la Jani Lane na jina la kitafunwa hicho havikuachana tena.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa humlevya fundi, naye huanza kuuza jina badala ya kinywaji. Kisa cha Lane kinaipindua methali hiyo kwa namna inayostahili kufikiriwa. Yeye alisifiwa kwa tembo lenyewe lililotiwa maji. Alikuwa na kibuyu alichokigema kwa subira, akaombwa achanganye kikombe kimoja cha haraka kwa ajili ya wageni, na wageni wakakikumbuka kikombe hicho peke yake. Mgema wa methali analaumiwa kwa kuwadanganya wanywaji. Je, mgema huyu wa pili alaumiwe kwa lipi? Na je, ana haki ya kulalamika kwamba wanywaji wamekipenda kikombe alichowapa kwa mkono wake?

Jibu rahisi ni kwamba hana. Hakuna aliyemshika mkono. Mtu mzima aliyesaini mkataba, akatunga, akaimba, akapokea malipo, hawezi kusimama baadaye akadai kwamba kazi si yake. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa kwa sababu tu mwisho wa kisa ni wa huzuni. Lakini hiari ina daraja. Kijana aliyetoka katika kumbi ambamo mtu hulipa ili aruhusiwe kupiga gitaa anajua vizuri kwamba mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa. Ombi la mwenye mlango si amri, lakini halisikiki kama ombi la mtu mwingine yeyote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ingawa kuinama ni kitendo cha anayeinama, urefu wa kitanda haukupangwa naye. Kwa hiyo, Lane aliwajibika kwa wimbo wake, bali hakuwajibika peke yake.

Mwanafalsafa wa Uingereza Bernard Williams, katika insha yake ya 1976 kuhusu bahati ya kimaadili, alitumia mfano wa mchoraji aliyefanana na Gauguin, anayeiacha familia yake ili akafuate sanaa. Williams alidai kwamba uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuhalalishwa wakati unapofanywa. Ukihalalishwa, utahalalishwa na mafanikio ya baadaye tu. Na mafanikio hayo yanategemea, kwa sehemu, bahati. Mchoraji akishindwa, hana la kujitetea nalo. Akifaulu, walau ana kitu cha kuelekeza kidole.

Kisa cha mtunzi wa "Cherry Pie" kinaiweka hoja hiyo katika kioo na kuonyesha upande wake wa kushoto. Hapa aliyefanya uamuzi alifaulu, na kufaulu kwake ndiko kulikomhukumu. Laiti wimbo ule ungepuuzwa, ungekuwa mzaha mmoja katika albamu ya nyimbo zaidi ya kumi, na hakuna ambaye angemwuliza kitu. Ulipopendwa kupita kiasi, ulimeza kilichokuwa kando yake. Williams alifikiria bahati mbaya kama kushindwa. Hakuitazama sana bahati mbaya inayokuja imevaa nguo za ushindi. Ni kweli kwamba aina hii ya bahati ina utajiri ndani yake, na wengi wangeiomba usiku na mchana. Lakini mtu hupimwa pia kwa kile alichotaka kukifanya, na hakuna umaskini wa kimaadili wa ajabu kuliko kulipwa vizuri kwa kusahauliwa nia yako.

Hata hivyo, majuto nayo yanahitaji kuchunguzwa. Kujutia kosa na kujutia sifa ni mambo mawili. Wimbo unaomfananisha mwanamke na kitafunwa, ukiambatana na video inayomwonyesha msichana kama kitu cha kutazamwa na kutamaniwa, una dosari ambayo haitegemei kama mtunzi alikusudia kuuweka wa kwanza au wa mwisho. Katika maneno ambayo Lane aliyasema hadharani, jambo lililomuuma zaidi lilikuwa kwamba wimbo huo ndio uliokuwa urithi wake, kwamba umezifunika nyimbo nyingine alizoziandika. Hayo ni majuto ya fundi. Majuto ya kimaadili yangeuliza pia wimbo uliwafanya wasikilizaji vijana wa kiume wawaone vipi wanawake, na uliwafanya wanawake wajione vipi. Si haki kumdai mtu mmoja alipe deni la enzi nzima, kwani muziki wote wa mtindo ule ulikuwa na tabia hiyo, na umati uliushangilia. Lakini si haki pia kumwonea huruma mtunzi hadi kuwasahau waliogeuzwa pambo katika kazi yake. Huruma isiyoona wengine ni upendeleo tu.

Anguko lilikuja haraka. Septemba 1991 bendi ya Nirvana kutoka jimbo la Washington ilitoa albamu ya "Nevermind", na Januari 1992 albamu hiyo ikashika nafasi ya kwanza nchini Marekani, ikimwondoa Michael Jackson. Mashati ya mraba na nyuso zisizopakwa kitu zikawa ndiyo sura mpya. Muziki wenyewe ukaitwa granji. Lane alikuwa akisimulia jinsi alivyoingia siku moja katika ofisi za Columbia, akakuta picha kubwa ya Warrant iliyokuwa ukutani kwenye mapokezi imeondolewa, na mahali pake pametundikwa picha ya Alice in Chains, bendi ya Seattle. Akajua saa imetimia. Mwaka huohuo wa 1992 Warrant walitoa "Dog Eat Dog", albamu nzito na yenye giza zaidi, ambayo wasikilizaji wengi makini huihesabu kuwa kazi yao bora. Ilifika nafasi ya 25. Tembo safi lilikuwa limeletwa, lakini wanywaji walikwisha kuhamia kilabu kingine.

Kisa hicho cha picha ukutani kina fundisho ambalo pengine msimuliaji mwenyewe hakulikusudia. Picha ilibadilishwa, ukuta ulikuwa uleule. Alice in Chains walikuwa bendi ya kampuni hiyohiyo. Duka lililouza madaha ndilo lililouza ukweli usiopambwa, kwa keshia yuleyule. Theodor Adorno na Max Horkheimer, wakiandika miaka ya 1940 wakiwa uhamishoni katika jiji hilohilo la Los Angeles, walidai kwamba tasnia ya utamaduni huzalisha tofauti za juujuu ili kuficha ufanano wa ndani. Wasomi wengi wamewalaumu kwa kuwadharau wasikilizaji na kutoona kwamba muziki wa umma unaweza kuwa na kina, na lawama hiyo ina msingi. Lakini kuhusu ukuta ule hawakukosea.

Kutokana na hayo, simulizi iliyozoeleka kuhusu enzi hiyo inapaswa kutiliwa shaka. Inasemekana kwamba uongo ulianguka na ukweli ukapanda: vijana wa vipodozi walikuwa wakiigiza, vijana wa Seattle walikuwa wakisema yaliyo moyoni. Simulizi hii huwapendeza watu kwa sababu inafanya mabadiliko ya mtindo yaonekane kama hukumu ya haki. Kumbe kuvaa shati la mraba ni vazi vilevile, na mtu anaweza kuwa mkweli akiwa amepaka wanja. Muhimu zaidi, ukweli huo mpya haukuwa ngao. Kurt Cobain wa Nirvana alifariki Aprili 1994 akiwa na umri wa miaka 27. Layne Staley, mwimbaji wa Alice in Chains, alifariki Aprili 2002 akiwa na miaka 34. Waliopanda kwa sifa ya kusema maumivu yao walinunuliwa kwa maumivu hayo, kama wenzao walivyonunuliwa kwa madaha yao. Tofauti ya kisanaa ipo, na ni kubwa. Tofauti ya kimaadili kati ya namna umma ulivyowatumia hawa na wale ni vigumu kuiona.

Hapo hadhira inaingia katika mizani, na lazima kwanza itetewe. Msikilizaji aliyenunua kaseti mwaka 1990 hakumkosea mtu. Alipenda wimbo, akaulipia. Wimbo ukishatoka, mtunzi hawezi kuurudisha kinywani. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wengi wimbo huo ni kumbukumbu ya ujana, ya gari la kwanza, ya rafiki aliyekwisha kufa, na kumbukumbu hizo si mali ya mtunzi. Wapo pia wanabendi wenzake. Wimbo mmoja hulisha nyumba nyingi, na mtunzi anayeukana hadharani anakikana pia chakula cha wengine. Warrant waliendelea kupiga baada ya Lane kuondoka, na tangu 2008 wakiwa na mwimbaji Robert Mason. Wimbo ule ungali ukiombwa na umati kila usiku. Kwa hiyo mtunzi hana mamlaka ya kuwakataza watu wasiupende. Akiwatukana kwa kuupenda, anakosa adabu kwa wale waliomlisha.

Lakini kupenda wimbo hakumlazimishi mtu kumdhihaki aliyeuimba. Mwaka 2006, katika filamu ya hali halisi ya VH1 kuhusu historia ya metali, Lane alionekana akiusema wimbo huo kwa uchungu mkali, kama mtu anayejuta kuuandika. Baadaye alilegeza kauli, akaeleza kwamba alinaswa katika siku mbaya na kwamba hana ugomvi na wimbo unaowafurahisha watu. Kauli ya kwanza ndiyo iliyosambaa. Umma ulimgeuza tena kuwa kikombe kimoja: kwanza mtu wa wimbo mmoja, kisha mtu wa chuki ya wimbo mmoja. Tarehe 11 Agosti 2011 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli huko Woodland Hills, California, akiwa na umri wa miaka 47. Uchunguzi wa serikali ulitaja sumu ya pombe kuwa chanzo cha kifo. Si haki kudai kwamba wimbo ulimuua. Ulevi ni maradhi yenye mizizi yake, na watu wasio na wimbo wowote hufa nao kila siku. Hata hivyo, ni haki kuuliza ni kwa nini, kwa miaka mingi, jina la mtu aliyekuwa anaugua lilikuwa kichekesho cha bei rahisi.

Anayetetea kicheko husema kwamba dhihaka ni kodi ya umaarufu: aliyekubali kushangiliwa amekubali na kuzomewa. Hoja hiyo inachanganya kazi na mtu. Kazi imewekwa sokoni, na soko lina haki ya kuikataa, kuikosoa, hata kuicheka. Mtu hajawekwa sokoni, ingawa uso wake umo katika picha. Immanuel Kant alisisitiza kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha malengo ya mwingine. Neno "tu" ndilo lenye uzito. Msikilizaji humtumia mwimbaji ili afurahi, na hakuna ubaya. Ubaya huanza pale anapofurahi kwanza kwa kupanda kwake, kisha anafurahi kwa kushuka kwake, na katika nyakati zote mbili hakumwona mtu.

Kiswahili kina neno linaloweza kusaidia hapa kuliko istilahi nyingi za kigeni. "Kutunza" ni kumpa mwimbaji zawadi kwa kazi nzuri, kama afanyavyo msikilizaji wa taarabu anapoinuka kitini na noti mkononi. Neno hilohilo, "kutunza", ni kuangalia kitu kisiharibike: kutunza mtoto, kutunza mgonjwa, kutunza heshima. Neno moja linaweza kuzibeba maana hizo mbili. Katika ukumbi wa taarabu anayetoa noti humkaribia mwimbaji hadi akamwona jasho. Tasnia kubwa ya muziki ilizitenganisha: ilihifadhi maana ya kwanza, ikaikuza hadi mamilioni, na kuiacha ya pili bila mwenyewe. Kampuni ilimtuza. Umma ulimtuza. Swali la nani alipaswa kumtunza halikuwa katika mkataba wa yeyote.

Haitakuwa busara kumtwisha kila msikilizaji wajibu wa kumlea kila msanii. Wajibu usiotekelezeka ni mapambo ya maneno. Linalodaiwa ni dogo kuliko hilo. Aliye juu angojwe chini bila mawe mikononi, na kazi yake isikilizwe zaidi ya kile kilichopigiwa kelele. Katika albamu ile ya 1990, wimbo uliokusudiwa kuipa jina umepangwa wa pili, mara tu baada ya ule ulioinyang'anya nafasi. Unaanza kwa gitaa la kienyeji lisilo la umeme, polepole, kabla ngoma hazijaingia na simulizi ya usiku wa mauaji kuanza. Msikilizaji hahitaji kwenda popote kuutafuta. Wimbo wa kwanza ukiisha, asizime.